Kabla ya kulipia boti, uliza maji yanakupwa saa ngapi

Jamani, mnaopeleka watoto kwenye mafungu ya mchanga yanayoibuka baharini upande wa Fumba, Unguja, msikubali tu saa anayokutajieni mwenye boti. Sisi tulilipia siku nzima, tukafika maji yashajaa, fungu lote limezama. Watoto walishinda botini wakitapika, na mama yangu alisononeka sana.

Muulizeni mvuvi yeyote: leo maji yanakupwa saa ngapi? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha kila siku saa hiyo huchelewa kama dakika 50. Ondokeni ufukweni maji yakiwa bado yanatoka. Na jaketi za kuokolea zivalisheni watoto hapo hapo ufukweni. Za watu wazima ni kubwa, huwavuka.