Programu ya kuchunga onduleri inajifunga yenyewe? Anzia hapa

Ile programu yenye inaonesha batri ya onduleri (UPS, ile sanduku ya batri yenye inashikilia ordinateri) imebakia na asilimia ngapi, na njo inazimisha ordinateri vizuri kura (umeme) ikikatika, hapa Bukavu inatusumbua wengi, inajifunga yenyewe bila kusema kitu, na fundi wa kwanza utamwita atasema tuitoe tuirudishe. Usikubali mbio mbio, juu kama shida iko kwa kable ao batri, kesho itaanguka tena vilevile.

Uliza kwanza ilianguka saa ngapi, na kura ilikuwa inafanya nini saa ile. Finya kifungo ya Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc (nakupa komandi juu Windows za huku mingi ziko mu Kifaransa, majina hayafanane). Ingia mu jurnali ya Application, tafuta mustari wa kosa wenye namba 1000. Ndani mule utaona jina ya programu yenye imeanguka na jina ya faili yenye ilikuwa inatumika pale, mara mingi .dll fulani (kipande ya programu). Ukikuta na 1026, angalia .NET (msingi ya Microsoft yenye programu mingi zinatembelea) mbele ya kugusa onduleri. Na kama hakuna 1000 lakini mu jurnali ya System kuko 41 ya Kernel-Power, ni kusema mashini yote ilizimika ghafla, basi usisingizie programu mbio, pengine batri njo haikubeba.

Batri ndogo ya 12 V inaweza kumaliza miaka 3 mpaka 5, lakini yenye inakamuliwa kila mangaribi haifiki pale. Ikivimba, itoe. Na usiamini ile 100% ya ku ekran: chomeka taa ku onduleri, toa onduleri mu prizi, uone itadumu namna gani. Taa, ndugu yangu, si ordinateri yenye kazi ya kliya (mteja).

Lakini mwenye kosa wa mara mingi ni USB. Kura inarudi ikicheza cheza, onduleri inapiga tak tak, kable inapoteza mawasiliano sekunde moja tu, programu inabakia inaongea na kitu chenye hakiko tena, inaanguka. Fungua devmgmt.msc, angalia upande wa batri kama onduleri inapotea na kurudi. Chomeka kable nyuma ya mashini moja kwa moja, hub (ile ya kugawanya USB) weka pembeni, kisha mu mipango ya umeme ya Windows zimisha ile ya kulalisha USB. Kwa Back-UPS, onduleri za kampuni APC, mdomo wa kable ku onduleri unafanana na wa rezo (kable ya internet) lakini uko na pini 10, ya rezo iko na 8, kwa hiyo usiazime ya modemu hata kama inaingia.

Tena, onduleri moja programu moja. Ku Linux, apcupsd na NUT, programu mbili za kuchunga onduleri, zikiwashwa pamoja zinanyanganyana kifaa ileile, chagua moja, ingine izimishe kabisa.

Yote ikishindikana sasa njo utoe programu, uweke toleo mpya. Ao uiache tu: onduleri mingi za USB Windows inazitambua yenyewe kama batri ya laptopu. Ingia powercfg.cpl, weka batri ikifika 20% mashini ijizime, programu ingine hautaihitaji.