Namna ya kujua biashara yako iko sekta gani, na imeshikana na nani

Kazi yangu hapa Amu (Lamu, pwani ya Kenya) ni kuwajazia watu fomu: leseni, mikopo, maombi ya vikundi. Wengi hukwama kwenye "aina ya shughuli". Hata mimi nilikwama. Ami yangu, yaani ndugu wa baba, ni fundi wa majahazi kijijini Matondoni. Wateja wake karibu wote ni wavuvi, basi nikamwandikia "uvuvi". Ombi la mkopo likarudi, wanataka leseni ya kuvua na idadi ya nyavu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi sijavua hata changu mmoja." Niliumia sana.

Kwa hiyo usitazame nani ananunua. Tazama kinachoingia mkononi mwako na kinachotoka. Kwa ami huingia mbao, misumari na pamba ya kukalafatia, yaani kuziba nyufa za mbao. Hutoka chombo kinachoelea. Hicho ni kiwanda, hata kama paa lake ni makuti. Umoja wa Mataifa una uainishaji wake wa shughuli za kiuchumi, ISIC, ulioanza mwaka 1948, na kila sekta ina herufi. Katika toleo la 2008, uvuvi uko A pamoja na kilimo na misitu, viwanda viko C, na kuunda vyombo vya majini ni kundi la 301 humo humo. Biashara ya duka ni G, uchukuzi H, malazi na chakula I. Jahazi la ami likishabeba abiria, mwenye chombo yuko H. Mwenye punda wa mizigo pia.

Wenye kazi mbili ndio huchanganyikiwa. Tuseme kwa siku unauza samaki wabichi wa shilingi 5,000, uliowanunua kwa 4,200. Jioni unakaanga, unauza wa 3,000. Samaki, mafuta na makaa vimekula 1,600. Mauzo makubwa ni ya wabichi, lakini huko umebakiwa na 800, na kwenye karai umebakiwa na 1,400. Jiandike muuza chakula. Kinachohesabiwa ni thamani uliyoongeza wewe.

Sasa chora mishale: nani anakuletea, nani anakupokea. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mkata mikoko alikosa kazi, na fundi wa nyumba naye akakosa boriti.

Ila mshale hauvuti wote upande mmoja. Kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka, ikivuma, mvuvi hukaa nchi kavu, mchuuzi hana cha kuuza, hoteli hukosa kamba wa kupika. Wakati huo ami ndiyo hapumui: vyombo vimelazwa ubavu ufukweni vikingoja kalafati. Kazi anayo, pesa hana, maana mvuvi humlipa kaskazi, upepo wa mwisho wa mwaka, ikirudi na samaki. Fomu ya pili nikaandika "kuunda na kukarabati vyombo vya baharini", na kwenye marejesho nikaomba yaanze Desemba.