Namna ya Kutambua Mahakama Yenye Mamlaka ya Kusikiliza Kesi ya Jinai ya Ndugu Yako

Ndugu yako akishafikishwa mahakamani, iwe Mbeya mjini, Makete au Mafinga, omba kwanza nakala ya hati ya mashtaka, kisha usome mambo matatu kabla hujaanza kuhangaikia ushahidi: jina la mahakama lililoandikwa juu, kosa lenyewe, na kifungu cha sheria kinachotajwa. Nimeona familia zikiuza shamba ili kumlipa wakili wa rufaa, kumbe swali la msingi, yaani kama mahakama ile ilikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi, lilikuwa limejificha katika karatasi hiyo tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo, linganisha kifungu hicho na Jedwali la Kwanza la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 ya Sheria za Tanzania, ambalo linaonyesha kila kosa na mahakama inayoweza kulisikiliza. Kwa Mahakama ya Mwanzo, tazama jedwali la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Tumia toleo la urekebu la 2023, kwa sababu vifungu vingi vimepewa namba mpya.

Utagundua kwamba makosa mengi yana mlango zaidi ya mmoja. Mtu anayedaiwa kuiba magunia mawili ya viazi anaweza kushtakiwa Mahakama ya Mwanzo au Mahakama ya Wilaya, na zote mbili zina mamlaka halali. Tofauti kubwa iko kwenye adhabu: kifungo cha Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida hakizidi miezi 12, ilhali cha Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa kawaida hufikia miaka 5, isipokuwa pale sheria inapoweka kiwango cha chini kilicho kikubwa zaidi, kama miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ikiwa kuna sababu ya msingi ya kuihamisha kesi kutoka Mahakama ya Mwanzo, ombi litolewe kabla ya hukumu.

Mahali panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kesi za uhujumu uchumi, na kwetu hizi hazitokei mbali, kwani mtu anayekamatwa na nyara za serikali, kama meno ya tembo, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha huangukia humo. Mamlaka ya kuzisikiliza kesi hizi tangu mwanzo ni ya Mahakama Kuu. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi huyapata tu pale Mkurugenzi wa Mashtaka, au afisa aliyekasimiwa madaraka yake, anapotoa hati mbili: ridhaa yake ya kumshtaki mshtakiwa, na cheti kinachoiruhusu mahakama hiyo ya chini kusikiliza. Omba kuonyeshwa zote mbili jaladani, na uhakikishe kwamba ridhaa inataja vifungu vya kosa linaloshtakiwa. Kasoro hapa si ya kiufundi tu: Mahakama ya Rufani imebatilisha mienendo ya kesi ambazo mshtakiwa alikwisha kutumikia miaka gerezani, na wakati mwingine kesi imeamriwa kuanza upya, jambo linalomuumiza mshtakiwa na mlalamikaji pia. Kwa hiyo pingamizi la mamlaka litolewe mapema, ingawa sheria inaruhusu kuliibua hata wakati wa rufaa.

Kwa mauaji, usishangae hakimu akimwambia ndugu yako asijibu shtaka, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza. Shauri linasubiri upelelezi ukamilike, maelezo ya mashahidi yasomwe, kisha lipelekwe Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga. Hata hivyo Mahakama Kuu inaweza kulihamishia kwa Hakimu Mkazi mwenye mamlaka ya ziada, ambaye katika shauri hilo anahesabiwa kama Jaji.

Hilo lina athari kwenye rufaa: hukumu yake hukatiwa rufaa Mahakama ya Rufani moja kwa moja, na notisi hutolewa ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10 tangu siku ya hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu; nakala hizo ziombwe kwa barua masjala siku hiyohiyo hukumu inaposomwa.