Kuwashirikisha wagonjwa katika utafiti wa huduma za dharura: namna tunavyofanya Goma

Mgonjwa anayeingizwa chumba cha dharura akiwa hajitambui hawezi kukuambia kama utafiti wako una faida. Muulize mapema, akiwa bado mzima, au baadaye, akishapona. Wenzangu waganga na wauguzi, hivi ndivyo tunavyofanya hapa Goma, mashariki mwa Kongo.

1. Tafuta watu kabla ya kuandika swali

Usingoje protokoli, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, ikamilike ndipo uwaite watu waje kuitikia ndiyo. Sita au saba wanatosha kuanzia: waliowahi kutibiwa dharura, mama aliyefiwa pale, ndugu aliyelala hospitali akimwangalia mgonjwa, na wamotari wawili, yaani waendesha pikipiki za abiria. Wamotari usiwasahau kabisa. Hapa majeruhi wengi hufika juu ya pikipiki, wamebanwa katikati ya motari na jamaa anayewashika kwa nyuma. Mkubwa wa mtaa aarifiwe, lakini asiwe peke yake msemaji wa wote.

2. Kutaneni nje ya hospitali

Ukumbi wa parokia unafaa, au parkingi ya pikipiki. Rudisha nauli siku hiyohiyo, mkononi. Motari akikaa nawe saa mbili, jioni bado anadaiwa pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki; mfidie.

3. Wape fomu, kisha nyamaza

Fomu yetu iliuliza: «Ajali ilitokea saa ngapi?» Motari mmoja aliweka kidole juu ya mstari ule akasema, «Dokta, mtu akianguka hatazami saa. Muulize kama wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoka masomoni, ao kama giza lilikuwa limeingia.» Tukabadilisha. Akashuka mstari wa pili, tulipoomba jina na simu ya aliyemleta mgonjwa. «Hapa ndipo tunakimbia.» Aliyeleta majeruhi anaogopa kudaiwa bili, au kushikwa kana kwamba ndiye aliyemgonga. Jina tukaliondoa, tukabaki na swali moja: aliletwa na nini?

Chunga maneno pia. «Uchunguzi» uliwakumbusha polisi. Tulisema «tunatafuta kujua», wakaanza kuongea.

4. Zungumzeni ridhaa kwa kina

Hapa tumia muda mrefu kuliko pengine popote. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linakubali utafiti wa dharura uanze bila ridhaa ikiwa mgonjwa hawezi kusema, hakuna wa kumsemea na kazi haiwezi kungoja, mradi sababu ziandikwe katika protokoli na kamati ya maadili ikubali. Ridhaa ya kuendelea itafutwe mara inapowezekana. Katika utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 na kuchapishwa mwaka 2011, wazazi wa watoto waliozidiwa sana waliweza kukubali kwanza kwa mdomo, maelezo kamili yakafuata. Ulionyesha kwamba kuwamiminia haraka maji mengi ya mishipa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Bila utafiti huo, tungeendelea hivyo kwa nia njema.

Nilipoeleza habari hizi za ridhaa, mama mmoja wa kikundi chetu alinijibu: «Siku ile ningetia sahihi hata karatasi ya kuuza nyumba.» Basi kikundi kikatuandikia sentensi tatu za kusomwa mlangoni, karatasi ndefu ije kesho yake. Mgonjwa akifa, walisema, familia isiambiwe habari za utafiti kwa simu, wala kilio kikiwa bado hakijaisha.

5. Rudisha majibu

Baada ya Ebola ya 2018 hadi 2020 katika mkoa wetu, swali moja halikosekani mkutanoni: damu yetu mliyoichukua kupima ilikwenda wapi? Rudi hata kama matokeo ni madogo, useme kwa mdomo, uonyeshe walichobadilisha.

Sisi tulirudi parkingi alfajiri, kabla ya abiria kuwa wengi, tukawaonyesha fomu mpya. Waliitazama kidogo tu, kisha wakauliza namna ya kumbeba mtu aliyeumia shingo bila kumzidishia. Hilo ndilo swali la utafiti wetu unaofuata, na wawili kati yao wanaliandika pamoja nasi.