Kupima umbo na mwelekeo wa nafasi kati ya chembe za mchanga

Kwa mchanga wa ufukweni Kibirizi au Ujiji, Kigoma, zamisha bomba jembamba la plastiki wima, taratibu, bila kugonga. Kabla ya kulitoa, weka alama ya juu na ya kaskazini. Bila hizo, kipimo cha mwelekeo hakina maana. Kausha sampuli ikiwa ndani ya bomba, pima uzito na ujazo, ili ukokotoe uwiano wa nafasi kwa chembe.

Ingiza epoksi (gundi inayoganda) nyepesi yenye rangi ya bluu kutokea chini, polepole, ijaze nafasi. Ukiimimina kutoka juu, hewa hunaswa na chembe husogea. Ikiganda, kata kipande cha wima kwa msumeno wa almasi, kisha sugua kwa msasa namba 220, 400, 800 na 1200, ukiosha kila unapobadili.

Piga picha ambayo chembe ya wastani ina upana wa pikseli 30 au zaidi. Kwenye ImageJ, programu ya kuchambua picha, tenga bluu (yaani nafasi) na chembe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: nafasi zimeungana, na programu huona tundu moja kubwa. Zikate kwenye shingo nyembamba, kisha fananisha kila moja na duaradufu. Urefu kugawanya kwa upana ni umbo. Pembe ya mhimili mrefu ni mwelekeo.

Usitafute wastani wa kawaida wa pembe: 5° na 175° zitakupa 90°, ilhali zote mbili karibu zimelala. Zidisha kila pembe kwa 2, pata wastani wa sini na wa kosini, rudisha kuwa pembe, gawanya kwa 2.

Eneo la bluu kugawanya kwa eneo la chembe lisipokaribia uwiano ule uliokokotoa kwa uzito na ujazo, rudia kutenga rangi.