Kusaka malaria isiyo na homa baada ya mripuko: namna tunavyofanya shehiani

Mripuko ukishapita, kituo cha afya hurudi kimya. Foleni ya wenye homa imekwisha, vyandarua vimegawiwa, watu wamerudi kondeni na baharini. Kazi ngumu zaidi huanza hapo. Mtu anaweza kubeba vimelea vichache damuni bila homa wala kichwa kumuuma. Mbu akimng'ata mtu huyo, baada ya kiasi cha siku 10 hadi 14 ataweza kumtia maradhi jirani yake. Visiwani kwetu Zanzibar maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, kwa hiyo mtu mmoja aliyeachwa nyuma anatosha kuuwasha moto upya. Nawaandikia wahudumu wenzangu wanaotumwa nyumba kwa nyumba, hasa wale wanaoanza.

Hatua ya 1: Anzia kwa sheha

Usibishe hodi kwa mtu kabla hujakaa na sheha, kiongozi wa shehia. Mchore naye ramani ya nyumba zilizotoa wagonjwa na majirani zao, kisha muulize habari za wageni: dago (kambi ya muda) la wavuvi, kambi ya wachumaji karafuu, vijana wa ujenzi, walinzi wa usiku, na waliorudi kutoka Tanzania Bara karibuni. Safari za Bara ni njia kubwa ya vimelea kuingia kwetu. Wageni hawa mara nyingi hawamo kwenye orodha ya kaya yoyote, na usipowaandika siku hiyo hutawaona tena.

Hatua ya 2: Uliza nani amelala, usiulize nani anaumwa

Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea. Katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba nilimkuta bibi anapepeta mchele, nikamuuliza, "Bibi, mna mgonjwa humu?" Akanijibu, "Hatuna, mwanangu, alhamdulillahi." Nikaandika sifuri, nikapita.

Kesho yake nilirudi baada ya sala ya isha, nikauliza vyengine: "Bibi, jana usiku mlilala wangapi?" Akahesabu kwa vidole. Yeye, mwanawe, mkwewe, watoto wanne. Kidole cha nane kikabaki juu. "Na huyu mjukuu wangu aliyekuja kutoka Tanga, wiki ya pili sasa. Yeye hulala barazani, ndani anaona joto." Kijana alikuwepo, anashona wavu, mzima wa afya, anacheka. Kipimo chake kilitoa mstari wa pili, mwembamba kama uzi: ana vimelea. Alikuwa akilala nje bila chandarua, hatua chache tu kutoka dirisha la watoto.

Tangu hapo fomu yangu huanza na idadi ya waliolala. Habari za homa huja baadaye.

Hatua ya 3: Chagua saa na mwezi

Asubuhi utawakuta kina mama na watoto wadogo tu. Wanaume nenda kwao baada ya magharibi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbaramwezi ikiwaka hawatoki, basi dago liendee siku hizo. Wanawake watobolewe kidole na mhudumu mwanamke, ndani, na ruhusa ya mtoto itoke kwa mzazi wake.

Hatua ya 4: Kipimo cha haraka na mipaka yake

Toboa ubavuni mwa kidole cha pete, futa tone la kwanza, tumia linalofuata. Weka damu na matone ya bafa (maji ya kipimo) kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na usome kwa dakika zilizoandikwa humo. Ukisoma mapema mstari mwembamba utakupita. Ukichelewa sana unaweza kuona mstari usiokuwepo.

Kipimo hiki kina udhaifu wa aina mbili, na baada ya mripuko zote mbili zinakuhusu. Kwanza, kwa kawaida kinahitaji vimelea kama 100 hadi 200 katika kila maikrolita ya damu, na wengi wasio na dalili wako chini ya hapo. Pili, kinachosomwa na vipimo vingi ni protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki damuni wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa kwa dawa. Kwa hiyo muulize kila mmoja: umekunywa dawa ya malaria mwezi huu? Lini, na ulimaliza? Jibu liandikwe pembeni ya tokeo, kama sivyo utamhesabu aliyepona kuwa ni mgonjwa mpya.

Hatua ya 5: Damu kwenye karatasi

Kwa sababu ya udhaifu huo wa kipimo cha haraka, kila anayetobolewa aachie pia matone kwenye karatasi ya kichujio, ipelekwe maabara kwa kipimo cha vinasaba, PCR, ambacho kinaona vimelea vichache zaidi. Andika namba kwa penseli, kwani wino huyeyuka. Kausha kivulini, usiku kucha ikibidi, chini ya neti, kwa maana nzi na sisimizi hula damu. Mwaka mmoja wa masika nilifunga karatasi mifukoni zikiwa bado na unyevu, kwa kuikimbilia boti. Zilipofunguliwa zimeota ukungu, ikabidi nirudi kuwatoboa upya watoto walewale waliokwisha kulia mara moja. Sasa kila karatasi ina mfuko wake na kipakiti cha punje za kukausha, na sifungi mpaka tone limekuwa la kahawia kavu.

Hatua ya 6: Dawa

Aliyekutwa na vimelea apewe dawa mseto siku hiyohiyo, ingawa hajisikii kuumwa, pamoja na dozi moja ndogo ya primakwini kwa mujibu wa mwongozo, ili kumaliza vimelea vinavyosubiri mbu. Primakwini asipewe mjamzito, mtoto wa chini ya miezi 6, wala mama anayemnyonyesha mtoto wa umri huo.

Hatua ya 7: Wahesabu usiowaona

Ripoti yenye "wamepimwa 31, mmoja ana vimelea" haijakamilika. Waliolala walikuwa 40. Wale tisa wako wapi? Majina yao nayaandika ukurasa wa mbele wa daftari, na mahali walipo: baharini, skuli ya bweni, Mkoani kwa mjomba. Nikirudi baada ya wiki mbili, nyumba zao ndizo za kwanza kubishiwa hodi.