Ukimpeleka mzee kliniki ya tezi dume, beba daftari
Baba akiambiwa ana saratani ya tezi dume, masikio huziba palepale, yake na yako. Nendeni wawili, mmoja aandike: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na tarehe ya kipimo, alama ya Gleason (inayoonyesha ukali wa saratani), na kama imefika kwenye mifupa. Kwa wazee wengi hukua polepole, hivyo daktari anaweza kushauri kufuatilia tu bila upasuaji wala mionzi. Huko si kutelekezwa, jamani. Zikifika habari za mkojo, toka nje kidogo, maana mbele ya mwanawe mzee ataficha. Ila akilalamika mgongo huku miguu ikilegea, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.